Kopa Nyumbani Mwangu

Kila mtu ana kitu kimoja ambacho macho yake hayashibi kukitazama. Yuko apendaye saa za ukutani, na yuko apendaye vikombe vya kauri hata kabati likajaa, na wageni wakapewa chai katika bilauri. Mimi napenda kopa. Foronya zangu zimedariziwa kopa, mto wa kochi umeshonwa kwa umbo la kopa, kitambaa cha meza kina kopa kila pembe. Na sinia ya vileja ikitoka jikoni mwangu siku ya Idi, hapana haja ya kuuliza ni ya nani. Wifi yangu, ambaye nampenda naye anajua, husema kwamba mtu akiingia kwangu hudhani ameingia katika mkono wa mcheza karata.

Si uongo, kwani neno hili tumelipata katika karata. Wareno, tangu alipopita Vasco da Gama mwaka 1498 hata walipotolewa Ngome ya Mombasa mwaka 1698, walituachia lugha nzima ya mchezo huo: karata, kopa, uru, shupaza, pao, turufu. La ajabu ni kwamba kwa Kireno kopa maana yake si moyo, bali kikombe. Karata zao za zamani zilichorwa vikombe, na za Wahispania huchorwa vikombe hata leo. Karata za Kifaransa za karne ya 15 ndizo zilizokuwa na umbo la moyo, nazo ndizo zilizoenea duniani. Basi sisi tumebaki na jina la kikombe juu ya picha ya moyo, wala hapana aliyedhurika. Anionaye kuwa nimeleta vitu vya kamari ndani ya nyumba na aitazame meza yake na foronya yake: majina hayo mawili nayo ni ya Kireno, na sijamwona mtu aliyelala juu ya mto mtupu kwa sababu hiyo.

Lawama nyingine, ndugu msomaji, ni ile ya tarehe 14 Februari. Husemwa kwamba mwenye kupenda kopa ameiga sikukuu ya wapenzi ya Wazungu. Kwetu tarehe hiyo hupita kama ilivyopita tarehe 13. Mimi umbo hili sikulitoa katika kadi za madukani; nililiona kwanza katika kijaluba cha bibi yangu. Chukua jani la tambuu ulilaze kiganjani: mabega mawili huko kwenye kikonyo, ncha upande wa pili, na mshipa umepita katikati. Hilo ni kopa kamili, nalo limekuwa likitolewa kwa wageni katika pwani hii kabla Mreno hajajua njia ya kuja. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliletewa sahani ya tambuu na popoo, na marashi juu yake, kwa heshima. Tazama pia jani la jimbi, na tembele nyingi tunazopika kwa nazi. Bustani imejaa kopa, lakini mtu huanza kushtuka anapoliona juu ya mto wa kochi.

Ama kalibu yangu nilitengenezewa na fundi bati, kwa kopo tupu la maziwa. Alilikata ukanda, akaupinda, akaulehemu, akaniambia nisiikaze sana mkononi kwa kuwa makali yake hayachagui. Neno kalibu tumelitoa katika Kiarabu, na kalbi, yaani moyo, kadhalika. Na kwa kuandikwa yote mawili yana kafu, lamu na be. Wajuzi wa lugha husema kwamba la kwanza asili yake ni Kigiriki, kwa hiyo si ndugu wa damu. Hata hivyo kila nikiishika kalibu ile hufurahi kwamba majina hayo yamekutana mkononi mwangu.

Vileja vyake ni vile vile vya watu wote: unga wa mchele, samli, sukari, yai, iliki. Tofauti ni kwamba huutandaza unga na kuukata, kisha huvipanga, moto wa makaa chini na juu, na kusimama hapo hapo bila ya kwenda kuzungumza na jirani, maana ncha ya kopa huungua kabla ya mabega. Vipande vinavyobaki pembeni hukandwa tena. Wale wanaosema kuwa ni israfu waje wanionyeshe kilichotupwa. Na mkate wa kumimina nilikuwa nikiumimina katika sufuria ya kopa niliyoinunua Darajani, kwa ajili ya mume wangu.

Mume wangu si mtu wa maneno. Katika miaka 26 ya ndoa yetu sijui kama ameniambia maneno matamu ya kutosha kujaza ukurasa mmoja. Lakini asubuhi nikimwekea kipande chake, hukianza kwa ncha, taratibu, na pale juu, penye yale mabega mawili, hunibakishia mimi. Hajapata kusema kwa nini, wala mimi sijamwuliza. Watu waliooana siku nyingi watanielewa.

Mwaka juzi alikwenda kupimwa macho, akapimwa na presha, ikaonekana 170 kwa 100. Haumwi kichwa, haoni kizunguzungu, hana lolote. Na ndivyo ulivyo ugonjwa huo, hukaa na mtu kama mpangaji asiyepiga kelele. Ikipimwa mara mbili tatu nayo haishuki chini ya 140 kwa 90, ndipo huhesabiwa kuwa ni presha. Daktari alituonyesha picha ya moyo wenyewe. Si kopa hata kidogo! Ni kinofu mfano wa ngumi, uzito wake kama gramu 300, kimelala ubavu, nacho hupiga kama mara 100,000 kwa siku. Presha ikizidi, kila pigo huwa kama kusukuma mlango uliozuiliwa kwa nyuma, hata mwisho nyama yake ikawa nene na kuchoka.

Wifi yangu alipopata habari alikuja siku ile ile. Alisema mbele ya watoto kwamba sukari na samli za makopa yangu ndizo zilizomfikisha kaka yake hapo. Nilinyamaza, kwa kuwa alikuwa akilia. Daktari alikuwa amekwisha tueleza kwamba sababu ni nyingi, chumvi, umri, unene, na damu ya ukoo. Na baba mkwe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alifariki kwa kiharusi. Lakini neno lililosemwa mbele ya watoto halifutiki upesi. Binti yangu mdogo aliichukua kalibu akaificha juu ya kabati. Akaniambia, "Mama, moyo ndio unaomsumbua baba, nasi tumkatie mioyo ya kula?"

Nilimwambia aishushe. Chumvi tulianza kuipima: Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, nazo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate wa dukani na achari. Pilau sasa yaenda kwa bizari na ndimu. Mkate wa kumimina umekuwa wa Ijumaa tu. Asubuhi nyingine hukata papai, tikiti, au kiazi kitamu kilichochemshwa, kwa kalibu ile ile. Na matango, ambayo kwa miaka 26 aliyaita chakula cha sungura. Wa kwanza kumwekea papai alikuwa ni binti yangu. Baba yake alikitazama kile kipande kwa muda, akakianza kwa ncha.

Dawa yake humeza kila siku baada ya Alfajiri, hata siku anazojiona mzima, na hizo ndizo siku ngumu za kumkumbusha. Alipopimwa mara ya mwisho ilikuwa 138 kwa 86.

Wifi naye tulimshika mkono tukaenda naye, akinung'unika njia nzima. Ikawa 150 kwa 95. Kalibu ameichukua wiki iliyopita, akasema ni ya kuazima kwa siku mbili. Na mpaka leo hajairudisha.