Rimoti ya bibi

Nimepotea humu kidogo, testi zimenikaba koo. Leo naongelea rimoti ya TV. Msicheke kwanza.

Bibi yangu yuko Korogwe. Tangu apate kiharusi mkono wa kushoto haufanyi kazi, na kuinuka mpaka ainuliwe. Mchana wengine wako shamba, watoto shule, anabaki yeye na TV yake. Sasa rimoti ikafa. Maana yake mtu anakaa kutwa anaangalia ukuta. Jamani, niliumia.

Kabla ya kugusa bumu nikamwambia binamu aipime kwa simu. Hii wengi hamuijui: rimoti za kawaida zinatuma mwanga wa infraredi, jicho haliuoni ila kamera ya simu inauona. Elekeza rimoti kwenye kamera, bora ile ya mbele maana ya nyuma kwenye simu nyingine inauchuja, halafu bonyeza. Ikimeta, rimoti inatuma, angalia upande wa TV. Ya bibi ilitiwa betri mpya, bado giza tupu. Basi, imekufa kweli.

Jumamosi nikashuka Kariakoo. Muuzaji akanitolea ile inayoingia TV zote, sh. 8,000. "Dada, hii haichagui!" Sikatai. Kwa ghetto ingetosha kabisa: unaingiza namba za TV yako kutoka kwenye kile kijikaratasi, au unaiacha itafute yenyewe mpaka TV izime.

Ila nikawaza. Kwanza, baadhi yake betri zikikaa nje zinasahau zile namba. Nani ataziingiza upya kule? Pili, vitufe vimepangwa kivingine. Bibi haoni vizuri, anapapasa kwa dole gumba tu. Na kile kitufe cha kurudisha TV kwenye kingamuzi hata muuzaji mwenyewe alikitafuta! Ukikikosa hicho, kingamuzi kinawaka na huoni kitu.

Nikamwonyesha picha ya mgongo wa rimoti ya zamani, yenye namba ya modeli. Akaleta kopi yake, sh. 12,000. Siyo orijino, lakini kila kitufe kiko palepale. Nikaipima kwa kamera, inameta. Hiyo haihakikishi kwamba TV itaielewa, kwa hiyo tukakubaliana ikigoma nairudisha. Nikampa kondakta wa basi.

Imefika, imekubali. Binamu anasema bibi sasa habanduki kwenye taarifa ya habari, na mtu akimkera anazima mwenyewe bila kumwomba yeyote.

Kwa hiyo wadau, mkienda dukani msiangalie TV tu, angalieni na atakayeishika hiyo rimoti. Mimi huku bumu limepungua na mwezi bado mbichi. Mkiniona nabisha hodi saa ya msosi, nikaribisheni tu. Alamsiki.