Kikaango cha Baba

Mwezi wa Oktoba, jua la Rwamgasa halina huruma. Dada yangu, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa amejilaza kwenye mkeka chini ya mwembe, akilalamika kwamba harufu ya ugali inamtibua, harufu ya sangara inamtibua, na hata mimi niliyetoka Mwanza na basi la asubuhi nanuka dizeli. Tangu jana yake alikuwa hajala kitu cha maana.

"Nataka kitu cha baridi," alisema. "Cha baridi, halafu kinacholia mdomoni."

Mama alinitazama kana kwamba chuo kinafundisha mambo hayo. Kwa bahati, kilikuwa kimenifundisha. Hosteli yetu hairuhusu majiko, kwa hiyo mwaka wa kwanza mwenzangu wa chumba alinionyesha chakula kisichohitaji moto: matango kwenye mtindi. Kinaiva kwa muda ule ambao wengine wanatafuta kiberiti.

Unachukua matango matatu, unayamenya kwa kuruka, ukiacha mistari ya kijani. Unayakata vipande vyembamba, unanyunyiza chumvi na kuyaacha dakika kumi yatoe maji. Usiruke hatua hii, kwa sababu tango lisilotoa maji litayatoa baadaye ndani ya mtindi, na utakuwa umepika mchuzi. Wakati huo unamimina mtindi kwenye kitambaa safi na kuuning'iniza ili ubaki mzito. Unakamua matango kwa mkono, unayachanganya na mtindi, kitunguu kilichokatwa laini, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa na ndimu nusu. Hapo ubaridi umepatikana.

Ule mlio ni kazi nyingine. Chuoni tulinunua karanga zilizokwisha kukaangwa, za vifuko vya shilingi mia mbili. Nyumbani tulikuwa na karanga mbichi za shambani, na dagaa wakavu ambao Mama hununua kwa akina mama wanaowaleta kutoka ziwani. Nilipanga kuvikaanga vyote viwili mpaka vikauke kabisa, nivitwange nusunusu pamoja na chumvi na pilipili kichaa, kisha nivinyunyize juu wakati wa kula. Dagaa ukiwatwanga hivyo wanageuka kiungo, na hata asiyewapenda hawatambui.

Nikawasha jiko la mkaa. Ukutani, nje ya jiko, kilining'inia kikaango kilichokuwa karibu zaidi na mkono wangu. Nilipokishusha tu, Mama akasema bila kugeuka:

"Siyo hicho. Hicho ni cha baba yako."

Nilisimama nacho mkononi. Kilikuwa chepesi, cheusi nje, na katikati kina doa la kijivu linalong'aa kidogo.

Kwa msomaji ambaye hajafika kwetu, nieleze. Dhahabu ya wachimbaji wadogo hutengenezwa kwa vitenzi vya jikoni. Mawe yanatwangwa, yanasagwa, yanachekechwa. Unga wake unaoshwa. Kisha, ndani ya beseni, unachanganywa na zebaki kwa mikono mitupu, kama mtu anayekanda chapati. Zebaki inaikamata dhahabu na kuuacha mchanga. Kinachopatikana kinafungwa kwenye kitambaa na kukamuliwa, kama nilivyokuwa nimekamua mtindi, na kidonge cha kijivu kinachobaki kinawekwa kwenye kikaango juu ya mkaa. Zebaki inaondoka na mvuke, dhahabu inabaki. Hata neno tunalotumia ni lilelile: Nkome, kando ya ziwa, mwalo ni mahali pa kushushia samaki, Rwamgasa mwalo ni mahali pa kuoshea dhahabu.

Wengi huchomea nyumbani, kwa sababu ukichomea mwaloni kila mtu anajua umepata kiasi gani. Baba yangu ni mmoja wao. Tangu nikiwa darasa la pili naikumbuka sauti yake jioni, akiomba jiko "kidogo tu."

Mimi nasomea ualimu wa kemia. Najua kwamba zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357, lakini hutoa mvuke hata kabla ya hapo. Najua kwamba mvuke wake hauna rangi wala harufu, kwamba karibu asilimia 80 ya ule unaovutwa hubaki mwilini, kwamba unafika kwenye ubongo, na kwamba unavuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mwaka wa pili nilikuwa nasoma kuhusu Minamata, mji wa Japani ambako mwaka 1956 ulitambuliwa ugonjwa wa watu waliokula samaki wa ghuba iliyotiwa zebaki na kiwanda. Nikafuata maandishi, moja likanipeleka kwa jingine, mpaka nikakutana na jina la kijiji chetu. Mwaka 2002 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalianzisha mradi wa zebaki, Global Mercury Project, katika nchi sita: Brazil, Indonesia, Laos, Sudan, Tanzania na Zimbabwe. Kwa Tanzania, mahali palipochaguliwa palikuwa Rwamgasa. Nilikaa maktaba nikisoma kuhusu mialo ninayoijua kwa miguu. Sikuwahi kumwambia mtu nyumbani. Ningeanzaje? Karo yangu ilitoka kwenye kikaango kile.

Ndiyo maana maneno ya Mama yalinishangaza. Miaka yote hiyo nilidhani hajui.

"Kwa nini siyo hiki?" niliuliza.

"Kina dawa." Dawa ndivyo anavyoiita zebaki. "Kulikuwa na kimoja tu zamani. Siku moja nikakaanga mayai, nikaona kitone kinakimbia kama shanga ya fedha. Nikayamwaga mayai. Wiki hiyohiyo nikanunua changu, na hiki nikakitundika nje. Miaka kumi na moja sasa."

Alikitoa chake chini ya kitanda, kikiwa kimefungwa ndani ya kipande cha kanga. Kinu pia alikuwa nacho cha peke yake, cha mti, kidogo, ambacho hakijawahi kuona jiwe. Miaka kumi na moja mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la kemia alikuwa amelinda vyombo vyetu kimyakimya. Na mimi, mwenye vitabu, nilikuwa nimenyamaza.

Nikakaanga karanga kwenye kikaango chake, moto mdogo, nikizigeuzageuza mpaka maganda yakaanza kubanduka. Kisha dagaa, niliokwisha kuwatoa vichwa. Nikatwanga. Wakati natwanga nilipiga hesabu ambayo sikutaka kuipiga: kutoka kiti cha Baba, pale anapochomea, hadi mkeka wa dada ni hatua sita. Kikaango kinaweza kutengwa, lakini mvuke hauna kikaango chake.

Dada alikula bakuli zima. Alikuwa akichota mtindi kwa kijiko, akitafuna kwa macho yaliyofumba, na kila karanga ilipovunjika tuliisikia. "Ongeza hiki cha juu," alisema. Mama akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo wa siku mbili.

Baba alirudi saa kumi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye kiti chake. Nilimpa kibakuli. Alitafuna, akatulia.

"Kinacholia humu ni nini?"

"Karanga na dagaa, baba."

"Dagaa?" Akatazama vizuri. "Wamejificha."

Mkono wake ulitetemeka alipoinua kijiko. Unatetemeka siku hizi. Labda ni uchovu, labda umri, labda ni kile ninachokijua. Nikaona kwamba nikisubiri maneno mazuri nitarudi Mwanza nayo.

"Baba, ile dawa ukichoma, moshi wake hauonekani, lakini unaingia. Unaingia kwako kwanza. Na dada akiuvuta, mtoto naye anaupata."

Alitafuna polepole kuliko karanga ilivyohitaji. "Nimechoma tangu hujazaliwa. Wewe una kasoro gani?"

Sikuwa na jibu la swali hilo. Lilikuwa swali zuri, na lilinitisha zaidi ya alivyokusudia. Nikamwambia kuna chombo kinachofunika kidonge wakati wa kuchoma, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, na zebaki inarudi kuwa kimiminika ambacho unaweza kukitumia tena. Nilijua sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ingemgusa, maana dawa inauzwa. Aliuliza bei. Nikasema fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukitengeneza, mradi nimletee mchoro. Akasema, "Lete mchoro," kwa sauti ya mtu anayekubali ili mazungumzo yaishe.

Jioni hiyo aliomba jiko kidogo tu, kama kawaida. Akakitungua kikaango chake ukutani. Lakini hakuketi pale. Alipita choo, akapita mihogo, akaenda mpaka kwenye kichuguu mwisho wa kiwanja, upande ambao upepo ulikuwa ukielekea. Tuliona mkaa wake mwekundu gizani.

"Leo kaenda mbali," Mama alisema.

"Mbali siyo dawa, mama. Yeye bado anauvuta."

"Ng'wana wane," alisema, akikifunga kikaango chake ndani ya kanga, "wewe umesema siku moja. Mimi nina miaka kumi na moja. Niache nizifurahie hizo hatua."

Nilinyamaza. Usiku ule nilichora kile chombo kwenye karatasi ya daftari: kikombe, mfuniko, bomba, bakuli la maji. Nilikichora mara tatu, kila mara kikubwa zaidi, ili macho ya Baba yasipate kisingizio. Chini yake dada akaniomba niandike na yale matango, asije akasahau nikiondoka.

Nikaandika vipimo vyote. Kwenye mstari wa karanga nikaongeza: tumia kikaango cha Mama.