Hakimu wa Wimbo

Gilbert White, kasisi wa Selborne kule Uingereza, hakuwa na chombo cha kunasa sauti. Alikuwa na masikio na subira. Mwaka 1768 aliandika katika barua kwamba ndege fulani wadogo wa kijani, ambao jicho huwachanganya, walikuwa aina tatu, kwani kila aina ilishika wimbo wake na haikuuacha.

Jamaa wa ndege hao, Phylloscopus trochiloides, huishi katika misitu ya milima inayoizunguka nyanda ya juu ya Tibet. Darren Irwin na wenzake walirekodi nyimbo zake pande zote za mzunguko huo, wakazigeuza michoro ya sauti, na mwaka 2001 wakatangaza waliyoyaona. Kusini, kwenye Himalaya, wimbo ni mfupi na sahili. Ukipanda kaskazini kwa njia ya magharibi, unarefuka na kupambika. Ukipanda kwa njia ya mashariki, unarefuka vilevile, ila kwa mapambo mengine. Jirani hatofautiani na jirani yake ila kidogo. Huko Siberia ncha mbili zinakutana: wa magharibi ana mstari mmoja bawani, wa mashariki ana miwili, na kwa kawaida hawaoani.

Mtu wa mwambao hatalishangaa jambo hili. Mji na mji wa jirani husikilizana. Lakini mtu wa Barawa na mtu wa Ibo, kila mmoja akishika lahaja ya kwao tupu, watahitaji subira nyingi.

Ni nani, basi, wa kuamua pale wimbo mmoja unapokuwa nyimbo mbili? Michoro hupimika kwa rula, lakini rula ni ya binadamu. Busara ya watafiti hao ilikuwa kumwachia ndege mwenyewe hukumu. (Baadaye, mwaka 2014, uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba mnyororo huo ulipata kukatika zamani, hapa na pale, mambo ya asili hayakubali mduara ulionyooka.) Waliweka spika msituni, katika himaya ya dume, wakamchezea sauti. Akisikia wimbo wa kwao, dume huja mbio kumsaka mvamizi. Ukichezwa ule wa upande wa pili, uliotoka koo la ndege anayekaribia kufanana naye kama pacha, hashughuliki nao.