Umande wa Issa
Haiku ya Kijapani huwa na mizani 17 tu, na mshororo mmoja wa shairi letu la kawaida una 16. Katika nafasi finyu hiyo Kobayashi Issa alimlilia binti yake, Sato, aliyekufa kwa ndui mwaka 1819. Hakutaja kaburi wala machozi, alitaja umande. Kila mkulima aujua: alfajiri umejaa majanini, jua likipanda kidogo haupo.

Mimi nami nilimzika mtoto wa miaka miwili. Waliokuja kutupa pole walisema mengi, tena kwa wema, lakini mke wangu hakujibu kitu. Jioni moja nilimsimulia habari za umande ule. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama Mjapani yule alijaliwa mtoto mwingine.