Tulivyochagua Chombo cha Nyumbani

Miaka miwili tuliweka akiba ya kununua chombo kidogo cha tanga, na muda wote huo hatukuafikiana ni chombo gani. Baba wa nyumba, mzaliwa wa Lamu, hakutaka kusikia kingine ila mashua ya Matondoni. Alikulia katika mashindano ya Maulidi, akiwatazama vijana waliokalia ubao uliotokezwa nje upande wa joshi ili mashua isilale. Nyanya hakupinga. Aliuliza swali moja tu: "Kikipinduka, huzama?" Nduguye wa kiume alitoka na mashua msimu wa kusi, na wenzake waliookoka walisema kuwa ilipojaa maji, farumi ya mawe iliivuta chini mara moja.

Tena sisi twakaa Mombasa, mbali na ufuo. Chombo chetu lazima kivutwe kwa trela na kulala uani. Mashua haikuumbiwa maisha hayo: mbao zikikauka juani huachana, kalafati ikalegea, na siku ya kushuka majini kazi ni kukumba maji. Foromali nayo ni ndefu mno kwa barabara zetu. Ngalawa ni nyepesi na ina mbio, lakini kwa mitengo yake ya pembeni isingepita langoni petu (tulipima kwa kamba).

Ndipo tukaonyeshwa Mirror, chombo kilichobuniwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kupewa jina la gazeti. Urefu wake ni mita 3.3, uzito wake kilo 45 hivi, na milingoti yake yote hutoshea ndani ya chombo chenyewe. Omo yake ni butu, kana kwamba imekatwa kwa msumeno. Mashua yoyote ya Lamu ingekiacha nyuma. Ila katika mashindano vyombo vya aina hii hushindana vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hiyo kinachopimwa ni ujuzi wa mabaharia wawili. Mbao zake nyembamba hushonwa kwa waya wa shaba kabla ya kugandishwa. Baba wa nyumba alipoyasikia hayo alicheka sana. "Kumbe ni mtepe!" Tangu siku hiyo hakuitaja tena Matondoni.

Muuzaji alitaka tulipe kwa awamu pamoja na nyongeza. Riba hatukuikubali, tukanunua kingine kilichochakaa zaidi, kwa fedha taslimu, tanga lake likiwa na viraka vitatu.

Kabla ya kulipa tulikipeleka hori ya Tudor kukijaribu. Binti yetu wa miaka 14, katika suruali pana, mtandio umefungwa barabara na jaketi ya kujiokolea juu yake, alitoka na mdogo wake hadi maji ya kifuani, wakakipindua kwa makusudi. Nyanya alikuwa ufuoni, tasbihi mkononi. Chombo kililala ubavu, lakini vyumba vyake vya hewa vilikizuia kuzama. Binti akapanda juu ya ubao wa katikati, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote, na mlingoti ukainuka taratibu ukichuruzika maji.

Sote tulishangilia, isipokuwa Nyanya.

"Kipindueni tena," alisema.

Wakakipindua. Kikainuka. Akawaamuru mara ya tatu, na safari hii alivua viatu, akaingia majini hadi magotini ili akitazame kwa karibu.