Nguo ya Kazi na Nguo ya Ukoo

Kwa binti wa dada, chuoni Msambweni.

Barua hii inahusu mavazi ya picha mbili ambazo binti anatarajiwa kupiga kabla ya mahafali yake ya uuguzi: ya kwanza ni ile itakayoambatanishwa na maombi ya kazi, na ya pili ni ya familia nzima, ambayo bibi yake ameomba ipigwe wakati watoto na wajukuu wote wako nyumbani. Kwa mila ya Wadigo, ambao zamani walihesabu ukoo na urithi kwa upande wa mama, mjomba ana haki ya kusema na mpwa wake juu ya mambo kama haya hata kama hakuulizwa, na haki hiyo inatumika hapa bila kuombewa radhi.

Kabla ya kabati kufunguliwa, inafaa kuulizwa ni nani atakayeitazama picha, kwa maana kila picha ina msomaji wake, na wasomaji wa picha hizi mbili hawafanani hata kidogo. Afisa wa ajira huitazama picha kwa muda mfupi, tena katikati ya nyingine nyingi, naye anatafuta uso unaoonekana vizuri na dalili kwamba mwombaji ni mtu wa mpango. Jamaa, kwa upande wao, huitazama picha ya ukutani kwa miaka mingi, nao wanatafuta kuwatambua watu, kukumbuka walivyokuwa na kuwaonyesha watoto waliozaliwa baadaye. Nguo moja haiwezi kuwatumikia wasomaji hawa wawili, na anayejaribu kuokoa gharama kwa kupiga picha zote mbili siku moja katika vazi lilelile hupata picha ya kazi yenye mapambo mengi na picha ya ukoo iliyo kavu kama kitambulisho.

Watu wa pwani wamejua kwa muda mrefu kwamba nguo husema kabla ya mwenyewe kufungua kinywa. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki, yaani shuka nyeusi isiyo na nakshi iliyokuwa alama ya unyonge, waliiacha wakachukua leso za rangi na baadaye buibui, na wengi walipopata nafasi ya kwenda studio walihakikisha kwamba picha inashuhudia mabadiliko hayo. Hata hivyo, kaniki hiyohiyo ina heshima nyingine kabisa katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mmojawapo wa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ambako mgeni hufungwa shuka nyeusi kiunoni kabla ya kuingia. Kitambaa ni kilekile. Kilichobadilika ni mahali kinapovaliwa na anayekitazama.

Baadaye studio za mijini ziliendeleza desturi hiyo ya kusema kwa nguo, kwa namna yake. Katika studio ya N. V. Parekh mjini Mombasa, iliyojulikana sana katika miaka ya 1950 na 1960, wateja walikuja na nguo zao bora wakapangwa mbele ya taa kama watu wa sinema, na katika miaka ya 1990 wapigapicha wa kivuko cha Likoni, ambacho watu wengi wa Kwale wanaokwenda Mombasa wamekipitia, walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba ya ghorofa. Mtaalamu wa Kijerumani, Heike Behrend, ameandika kwa kina kuhusu vibanda hivyo na kuhusu hamu ya wateja ya kuonekana wako mbali na walipo. Hamu hiyo haina ubaya wowote, na picha zake ni tamu kutazama. Lakini haifai katika picha ya kazi, kwa kuwa mwajiri anataka kumwona mtu atakayeingia mlangoni kwake Jumatatu.

Hapo ndipo linapokuja suala la koti la studio. Studio nyingi za picha za pasipoti huweka koti moja na tai moja vya kuazimisha wateja, na koti hilo, ambalo limekwisha kuvaliwa na nusu ya mji, humpwaya mmoja na kumbana mwingine, likaacha mabega yakining'inia au kola ikipanda hadi masikioni. Ni heri blauzi ya mwenyewe iliyopigwa pasi kuliko koti la mtu asiyejulikana. Kama koti linahitajika, liazimwe kwa ndugu mwenye umbo linalokaribiana na la binti, lijaribiwe nyumbani siku moja kabla, na mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega, kwa maana katika picha ya kifua mabega ndiyo yanayoonekana zaidi baada ya uso.

Kuhusu rangi, picha za pasipoti na za vitambulisho kwa kawaida hupigwa mbele ya ukuta au pazia jeupe, kwa hiyo blauzi nyeupe pamoja na mtandio mweupe huyeyuka katika usuli, yaani sehemu ya nyuma ya picha, na kichwa kikabaki kikielea. Buluu iliyokolea, kijani cha chupa, zambarau na rangi ya damu ya mzee hukaa vizuri juu ya ngozi ya maji ya kunde na ngozi nyeusi, na huutenga uso na ukuta. Kijivu na samawati nyepesi zinaepukwa kwa sababu nyingine isiyosemwa mara nyingi: katika joto na unyevu wa Msambweni rangi hizo huonyesha jasho mara moja, na polista, ambayo haipitishi hewa, huzidisha tatizo hilo. Shati la mistari myembamba sana au la miraba midogo nalo liachwe, kwa kuwa nyuzi zake hugongana na vitone vya kihisio, ambacho ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, yakazuka mawimbi ya rangi ambayo hayamo katika kitambaa. Mawimbi hayo huitwa moare, na ni shida kuyaondoa. Mtandio uvaliwe kama unavyovaliwa kila siku, mradi uso uonekane wote kutoka kidevuni hadi kwenye paji na kitambaa kisiutie kivuli; namna ya kuufunga si kazi ya mjomba kueleza, wapo wenyewe.

Sare ya uuguzi inastahili neno lake. Sare ni fahari, na picha iliyopigwa mtu akiwa ameivaa inafaa kuwekwa sebuleni, lakini binti asidhani kwamba itakubalika kila mahali. Tangu Kenya na Uingereza zilipotiliana saini makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka 2021, wauguzi vijana wengi wamekuwa wakifikiria kwenda ng'ambo, na kila nchi ina masharti yake ya picha: Marekani, kwa mfano, hairuhusu sare katika picha za pasipoti na viza, na tangu Novemba 2016 hairuhusu miwani pia. Vazi la mabakamabaka ya kijeshi lisitajwe kabisa, kwa sababu hata hapa nyumbani raia haruhusiwi kulivaa.

Picha ya familia ni ngumu zaidi, na ugumu wake unaanza na mwanga. Wanaume wa nyumba hii watataka kanzu nyeupe na wanawake kadhaa watataka buibui jeusi, na kamera, tofauti na jicho, haiwezi kuhifadhi kwa pamoja mwanga mkali sana na giza kubwa sana. Ikizifuata kanzu, mabuibui yanakuwa shimo moja lisilo na mikunjo wala mipaka ya mtu na mtu, na ikiyafuata mabuibui, kanzu zinaungua zikabaki weupe mtupu. Juu ya hayo, kipimamwanga cha kamera kimetengenezwa kukisia kwamba kila kinachokitazama kina wastani wa kijivu, hivyo mchanga mweupe wa Diani, unaotokana na matumbawe, hukihadaa kikapunguza mwanga na nyuso zikazidi kuwa giza. Dawa yake ni kivuli kilicho sawa, kanzu za rangi ya krimu badala ya nyeupe ya theluji, na mitandio ya rangi mbalimbali juu ya mabuibui ili kila mama aonekane mwenyewe.

Katika albamu za zamani zimo picha ambazo mababu wamebaki kanzu na meno tu, na vijana huzicheka. Wajue kwamba sehemu ya lawama ni ya kiwandani: tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi, zilizoitwa kadi za Shirley, ambazo zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Kwa miaka mingi filamu hazikutengenezwa kwa kuifikiria ngozi nyeusi, na inasemekana kwamba malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao walitaka rangi za kahawia za bidhaa zao zitofautiane, yalisaidia kuleta marekebisho. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini mpigapicha mvivu bado hupima kanzu badala ya uso.

Jambo la pili ni sare ya familia. Siku hizi imekuwa desturi, iliyotoka katika harusi, kuwavika watu wote kitambaa kimoja kutoka kwa fundi mmoja, na matokeo yake ni ukuta wa kitenge wenye vichwa juu yake. Rai ya mjomba, ambayo shangazi zake binti wataipinga, ni kwamba zichaguliwe rangi tatu au nne zinazopatana, kisha kila mmoja avae chake ndani ya rangi hizo, na nguo yenye maua makubwa ivaliwe na watu wachache walioketi mbali na mwenzao mwenye maua. Watoto wasinunuliwe viatu vipya kwa ajili ya picha, maana watalia.

Bibi hataacha leso yake, wala asiombwe kuiacha. Leso huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana, na kila kipande kina pindo kuzunguka ukingo, mji katikati, na jina, ambalo ni maandishi yaliyochapwa chini ya mji. Miundo yake hubadilika upesi kiasi kwamba mwenye kuzijua leso anaweza kukisia picha ilipigwa miaka gani. Ila jina husomeka. Leso yenye fumbo la kumchoma jirani au mke mwenza inaweza kuvaliwa sokoni asubuhi moja ikasahauliwa, lakini ikiingia katika picha ya ukoo, fumbo hilo litaning'inia ukutani mbele ya wakwe kwa miaka ishirini. Binti asome majina yote siku moja kabla, na yenye shaka yakunjiwe ndani. Akumbuke pia kwamba kamera ya mbele ya simu nyingi huweza kugeuza picha kama kioo, jina likasomeka kinyume na vifungo vya mashati vikahamia upande mwingine, kwa hiyo picha hii ipigwe kwa kamera ya nyuma au kwa kamera kamili. Kama bibi bado anacho kisutu chake, ile leso ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya maharusi, hiyo ndiyo ivaliwe, naye aketi katikati.

Kuna kijana katika familia aliyependekeza kwamba wasichana wavae hando, sketi ya marinda ya Mijikenda, kwa kuwa inapendeza machoni pa watalii. Wenye kuivaa kwa haki, katika ngoma na sherehe zao, waheshimiwe. Lakini wanawake wa pwani waliwahi kupigwa picha wakiwa nayo kifua wazi, picha hizo zikauzwa kama kadi za posta kwa watu wasiowajua, na vazi ambalo mabinti wa nyumba hii hawajawahi kulivaa siku yoyote nyingine halina sababu ya kuonekana katika picha yao.

Kuhusu mahali na saa, ufuo wa Diani unaelekea mashariki, kwa hiyo asubuhi jua humpiga usoni anayetazama bahari na kumfanya afinye macho, na alasiri, kuanzia kama saa kumi na moja, minazi na nyumba huutia ufuo kivuli huku bahari ingali inang'aa. Saa sita mchana isifikiriwe, hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, ambapo jua la Kwale hupita karibu utosini kabisa na macho ya kila mtu huwa mashimo. Upepo wa kusi ukishika, mitandio myepesi ya shifoni haitulii ufuoni. Wakati huo ni bora kwenda chini ya mibuyu karibu na Msikiti wa Kongo wa hapo Diani, ambako kuta za mawe ya matumbawe, zenye rangi ya majivu, huzikuza rangi za leso bila kushindana nazo. Msikiti huo ungali wa ibada, kwa hiyo wanaokwenda wavae nguo za kuingilia msikitini, na nyakati za sala ziachwe.

Mwisho, binti anaombwa amwambie mpigapicha, kabla ya kumlipa, kwamba ngozi ya mtu yeyote ising'arishwe kwa programu ya simu wala ya kompyuta, na kwamba nyuma ya nakala ya bibi yaandikwe majina ya wote waliomo, kuanzia kushoto, pamoja na mwaka.

Wasalaam,
Mjomba, Ukunda.