Jicho la Mfuata Nyayo

Chui ni mnyama ajulikanaye kwa habari kuliko kwa macho. Bara na pwani watu humjua kwa ngozi yake, kwa mbuzi aliyetoweka zizini, na kwa sauti yake ya usiku ifananayo na msumeno ukatao mti mkavu. Lakini waliomwona mchana, amelala akijilamba bila ya hofu, ni wachache. Hata katika Serengeti, ambako simba huonekana kwa makundi, mgeni aweza kukaa siku nne na kurudi kwao na habari ya ncha ya mkia tu iliyoning'inia tawini. Kwa sababu hiyo sifa za Sabi Sand, iliyo upande wa kaskazini-mashariki ya Afrika ya Kusini, ni ngumu kusadikika kwa azisikiaye mara ya kwanza. Huko mgeni akikaa siku tatu bila ya kumwona chui, wenyeji wake humwonea huruma kama mtu aliyefikwa na bahati mbaya.

Sabi Sand si mali ya serikali. Ni mashamba ya watu binafsi yaliyounganishwa, yapata hekta 65,000, yakipakana upande wa mashariki na Hifadhi ya Taifa ya Kruger. Wenye mashamba walifanya chama mwaka 1948, na uzio uliowatenga na Kruger uliondolewa mwaka 1993, ikawa wanyama huvuka mpaka pasipo kujua kuwa wamevuka. Londolozi na Mala Mala ni majina mashuhuri miongoni mwa mashamba hayo. Jina hili la pili lastahili kutazamwa na mpenzi wa lugha. Wanyeji wa huko, Watsonga, husema *mhalamhala*, nao Waswahili husema palahala. Mnyama ni yule yule, na neno ni ndugu wa neno. Basi mahali panapokwenda watu kutoka pembe zote za dunia kumtazama chui pameitwa kwa jina la mnyama alaye majani! Nalo neno safari limefika huko kutoka pwani ya Waswahili, ila limepunguzwa njiani: si mwendo wa mtu aendaye kwao au mjini, bali ni kuketi garini na kutazama.

Mgeni huamshwa kabla ya alfajiri, akanywa kahawa, akapanda gari lisilo na paa wala milango. Mwenye kuliendesha ndiye kiongozi wa safari, naye huwa na bunduki mbele yake na redio mkononi. Lakini mtu wa kumtazama ni mwingine. Mbele kabisa, juu ya boneti upande wa kushoto, kimefungwa kiti kidogo, na juu yake ameketi mfuata nyayo, miguu yake ikining'inia, hana kioo wala ukingo baina yake na mwitu. Hasemi sana. Huinua mkono, gari likasimama, akashuka, akainama.

Analolisoma pale mchangani ni kitabu ambacho mgeni hakioni hata akionyeshwa. Unyayo wa chui hauna alama ya kucha, kwa kuwa kucha zake hufichwa atembeapo. Dume huacha alama pana kuliko jike. Kama umande umetoboa vishimo vidogo juu ya unyayo, chui alipita kabla ya umande kuanguka. Kama wadudu wa usiku wamevuka juu yake, alipita usiku ukiwa bado mbichi. Na kama kingo zake ni kali na mchanga haujamomonyoka, basi hayuko mbali. Mfuo mrefu mchangani kando ya nyayo ni habari ya mzoga uliokokotwa, na mfuata nyayo huinua macho kwenye miti mikubwa, kwani chui hupandisha windo lake juu lisinyang'anywe na fisi wala simba. Nyayo zikipotea katika majani, hubaki masikio. Tumbili hupiga kelele mfululizo, kwale huruka kwa ghadhabu, swala pala husimama wote wakielekea upande mmoja na kukoroma. Kila mmoja ametoa ushahidi wake. Mfuata nyayo huupima, akachagua njia, na baada ya saa nzima au dakika kumi, chui yupo.

Hapo mfuata nyayo huondoka katika kiti chake cha mbele, akaingia garini pamoja na wengine. Wageni huonywa wasisimame. Inaaminiwa kuwa chui hulihesabu gari na watu wake kuwa umbo moja, kubwa, lisiloliwa na lisilodhuru. Mtu akisimama huvunja umbo lile, akawa mtu. Basi watu hutulia, na mnyama ambaye kwingine ni kivuli hupita mkono mmoja tu kutoka gurudumu, asigeuze hata jicho. Wenyeji humtambua kila chui kwa madoa yaliyo juu ya mstari wa masharubu, upande wa kuume na wa kushoto, kama mwalimu atambuavyo hati ya mkono ya mwanafunzi wake.

Utulivu huu una tarehe yake. Ardhi ya Londolozi ilinunuliwa kwa ajili ya uwindaji mwaka 1926, na kwa miaka mingi ngurumo ya gari kwa chui ilikuwa ni habari ya risasi. Mwaka 1979 alionekana jike mmoja aliyevumilia kutazamwa. John Varty, wa ukoo uliomiliki ardhi, na mfuata nyayo Elmon Mhlongo walimfuata jike yule miaka na miaka, kwa subira, bila ya kumsonga. Alizaa, na watoto wake walikua wakiliona gari kama waonavyo mti au jiwe, nao wakazaa. Imani ile imerithiwa kutoka mama hata mtoto, na juu yake imejengwa biashara ambayo kitanda chake cha usiku mmoja hupita mshahara wa mwezi wa watu wengi wa vijiji jirani.

Lakini elimu ya Mhlongo na wenzake haikuanza mwaka 1979. Walifundishwa na baba zao, waliokuwa wachungaji na wawindaji katika ardhi hiyo hiyo, na hapa habari ya chui hugeuka kuwa habari ya watu. Mwaka 1902 James Stevenson-Hamilton aliwekwa kuwa mlinzi wa hifadhi ya Sabi, ambayo baadaye ilitiwa ndani ya Kruger, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuwatoa watu waliokaa humo. Walimpa jina la Skukuza, mwenye kufagia. Kambi kubwa ya Kruger inaitwa Skukuza hata leo, na wageni wengi hulitamka jina hilo kwa furaha pasipo kujua kilichofagiwa.

Katika Mala Mala madai ya waliotolewa yalifika mahakamani. Mahakama ya madai ya ardhi ilitoa hukumu yake mwaka 2012, nayo ilisema kuwa gharama ya kuirudisha ardhi ni kubwa mno. Watu walikata rufani. Mwaka 2013, kabla ya rufani kuamuliwa, serikali iliinunua ardhi hiyo kwa zaidi ya randi bilioni 1 na kuikabidhi jamii ya N'wandlamharhi. Nyumba za wageni hazikufungwa, na magari yaliendelea kutoka alfajiri. Lililobadilika ni jina katika hati, na jambo hilo si dogo: mtu aketiye juu ya boneti aweza sasa kuwa anasoma nyayo katika mchanga wa kwao. Ila hati haigawi mapato kwa yenyewe, na ugomvi juu ya fungu la kila nyumba haukukawia.

Uzio wa mashariki uliondolewa kwa ajili ya wanyama. Uzio wa magharibi ungalipo. Nje yake viko vijiji vya Justicia na Lillydale, ambavyo baba na mama wengi huondoka humo kwenda kufanya kazi ndani kwa majuma kadhaa, kisha hurudi kwa mapumziko. Jioni, wakati magari yanapowasha taa kumtafuta chui aliyeamka, moshi wa jikoni huonekana ng'ambo ya nyaya, na wako watoto huko wajuao sauti ya msumeno ule wa usiku, ambao hawajapata kumwona mwenye nayo.